Mtaalamu wa Miezi Sita Hatatujengea Goma

Kila Goma inapoungua, inapofurika watu au inapobadilisha watawala, neno lile lile hurudi vinywani mwetu: mji umeharibika kwa sababu hauna plani, na hauna plani kwa sababu hatujapata mtaalamu wa kutuchorea. Utalisikia redioni, utalisikia kwa dereva wa pikipiki aliyenasa kwenye msongamano wa Birere, utalisikia kwa mhandisi mwenye shahada zake. Aletwe konsultani, apige picha kutoka angani, atuandikie mpango wa makazi na maendeleo ya mitaa, nasi baada ya hapo tutajenga kama watu. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Imani hiyo ni ya uongo, na imetugharimu miaka mingi ya kungoja.

Nitaanza na neno moja tu: mazuku. Wakaaji wa magharibi ya mji, kuanzia Keshero hadi Lac Vert, Bulengo na Mugunga, wanalijua tangu utotoni. Ni hewa ya kaboni dioksaidi inayopanda kutoka ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida, inayotulia mabondeni na mashimoni, hasa usiku na alfajiri kabla upepo haujaamka. Inaua mbuzi, inaua mbwa, inaua mtu aliyelala chini mahali pabaya. Wanasayansi wa volkano walipokuja na mitambo yao kutoka ng'ambo, walikuta mahali hapo pana jina, na jina hilo wakalichukua. Leo hata katika makala zao za Kiingereza na Kifaransa wanaandika hivyo hivyo: mazuku. Mtambo ulisema hewa ile ni asilimia ngapi. Mama wa Bulengo alikuwa amekwisha kusema ni bonde lipi mtoto asiingie asubuhi. Vyote viwili vinahitajika, sikatai. Ninachogombea ni nani atangulie.

Miaka michache iliyopita niliketi kwenye ateliye ya siku mbili, katika hoteli moja kando ya ziwa. Kampuni iliyoajiriwa, ambayo sitaitaja, ilitandaza ukutani ramani ya rangi nzuri. Upande wa Mugunga palikuwa na doa la kijani, na maandishi yalisema ni eneo wazi la akiba. Mama mmoja aliyeketi nyuma, shefu wa avenyu, akanyoosha mkono akasema kwa utulivu: "Papa, pale njo kwetu." Msemaji alimshukuru kwa mchango wake, akapita kwenye picha iliyofuata. Ripoti ilipotoka, doa la kijani lilikuwa pale pale. Avenyu nzima ya watu, na nyumba zao za mbao, na watoto wao, iliandikwa akiba.

Sidhani yule msemaji alikuwa mtu mbaya. Alifuata mkataba wake. Mikataba ya namna hii hulipa kwa karatasi: fungu la kwanza kwa ripoti ya kuanzia, fungu la pili kwa rasimu, la mwisho kwa ripoti ya mwisho. Hakuna fungu linalolipwa kwa sababu familia moja imepata hati ya parseli yake au mfereji mmoja umepitisha maji ya mvua. Kabla ya hapo zabuni huwa imepimwa kwa alama, na alama nyingi huenda kwa wasifu wa wataalamu na orodha ya miji waliyokwisha kuichora. Kwa hiyo aliyechora miji kumi ya mbali humshinda mpima ardhi wa Goma aliyetembea kwa miguu kutoka Bujovu hadi Ndosho. Na lipo jambo kubwa kuliko yote hayo: konsultani hawezi kumwandikia aliyemwajiri kwamba tatizo ni yeye. Kama shida ya makazi inatokana na ofisi inayotoa hati mbili kwa parseli moja, ripoti itasema tuna "changamoto za uratibu".

Na hapo ndipo penye ugonjwa wetu. Sheria ya ardhi ya Kongo ya 1973 ilisema ardhi yote ni mali ya Serikali. Lakini ukienda pembeni ya mji, kaskazini, mji unapoingia katika eneo la Nyiragongo na himaya ya kimila ya Bukumu, anayekuuzia ni mtu wa pale, kwa karatasi ya mkono na mashahidi wawili. Mwingine anakuja na karatasi ya ofisini. Wa tatu anakuja na askari. Hapo ramani ya rangi itakusaidia nini? Mjane anayelala na karatasi yake chini ya mto anahitaji mtu wa kusimama naye mbele ya ofisi, na daftari linaloonyesha kwamba amekaa pale tangu lini.

Tazama pia tunavyojenga. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi ziwani, ikazika sehemu ya njia ya ndege, ikaacha watu wapatao 120,000 bila makao. Maneno ya kuhamisha mji yalisikika. Wenyeji hawakungoja maneno hayo yaishe. Walivuka mpaka kutoka Gisenyi, Rwanda, wakarudi jiwe likiwa bado lina joto, wakatafuta mipaka ya parseli zao juu ya mwamba mpya, wakavunja mwamba huo huo kuwa mawe ya msingi, na juu yake wakasimamisha mbao na mabati. Ni nyumba nyepesi. Inaweza kubomolewa na mbao zake kupakiwa kwenye chukudu, kigari chetu cha mbao, zikasimamishwe kwingine. Choo hakichimbiki kwenye mwamba ule bila fedha nyingi, ndiyo maana vyoo vingi vimeinuliwa juu ya ardhi. Kila uamuzi hapo una sababu yake: mlima, jiwe, vita, mfuko. Mtu aliyekuja kwa miezi sita ataziweka nyumba hizo zote katika safu moja ya jedwali, safu ya makazi yasiyofaa, kisha atapendekeza nyumba za matofali ambazo watu wa Majengo na Katoyi hawataweza kuzilipia.

Najua jibu mtakalonipa: mbona Kigali? Tunavuka mpaka, tunaona barabara safi na taa, tunasikia kwamba mpango wa mji ule ulichorwa na kampuni ya Surbana ya Singapore, tunarudi nyumbani tukisema nasi tutafutiwe Msingapore wetu. Lakini tunatazama ghorofa tu. Kati ya 2009 na 2013 Rwanda iliandikisha parseli za nchi nzima, kiasi cha milioni 10, na kazi ya shambani ilifanywa na wenyeji waliofundishwa kupima, majirani wakisimama kwenye mipaka yao na kukubaliana mbele ya macho ya wote. Wafadhili na washauri wa nje walikuwapo, lakini mguu uliokanyaga kila mpaka ulikuwa wa mwenyeji. Na mpango wenyewe wa Singapore ulilazimika kupitiwa upya, toleo la 2020 likaruhusu watu wa kipato kidogo wajenge hatua kwa hatua, kwa sababu lile la kwanza liliwazidi.

Mahali pasipo na daftari la namna hiyo, wachoraji wamepita mmoja baada ya mwingine. Zanzibar ilichorewa mpango na Mwingereza Lanchester mwaka 1923, na Mwingereza mwingine, Kendall, mwaka 1958, na Wajerumani wa Mashariki mwaka 1968, na Wachina mwaka 1982: kila enzi na mchoraji wake, huku mtaa wa Ng'ambo ukiendelea kujengwa na watu wenyewe. Dar es Salaam ilipata mpango wa Wakanada mwaka 1968, ikapata mwingine wa Wakanada mwaka 1979, na bado wakazi wake wengi wanaishi katika mitaa ambayo haikupimwa.

Wapo watakaosema ninachukia elimu. La. Mji ulio chini ya Nyiragongo hauwezi kuishi bila elimu. Ila wataalamu tunao, na tumewaacha wakae gizani. Kituo chetu cha kuchunguza volkano, OVG, kina watu waliotumia maisha yao kuusikiliza mlima. Msaada wa Benki ya Dunia kwa kituo hicho ulikwisha 2020, na kwa miezi kadhaa kilikosa hata intaneti ya kupokea takwimu za mitambo yake. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulipasuka usiku, lava ikala nyumba za Buhene na kusimama karibu na uwanja wa ndege. Siku tano baadaye gavana wa kijeshi aliamuru kartie 10 kati ya 18 za mji zihamwe, na watu walijaa barabara ya Sake na mpaka wa Gisenyi na magodoro vichwani. Siku ile tulihitaji wataalamu wanaokaa hapa mwaka mzima, wenye mafuta kwenye gari na umeme kwenye mitambo. Hilo halinunuliwi kwa zabuni ya miezi sita.

Tena mji huu haungoji ripoti ikauke wino. Mwishoni mwa Januari 2025 ulitwaliwa na waasi wa M23. Katika wiki zilizofuata kambi zilizouzunguka, Bulengo, Lushagala, Kanyaruchinya, zilizokuwa na mamia ya maelfu ya wakimbizi wa ndani, zikavunjwa. Mpango wowote ulioandikwa mwaka 2024 ulikufa wiki hizo. Aliyejua familia gani imerudi Masisi, ipi imepanga chumba Ndosho na ipi imeingia kwa shangazi Himbi, ni shefu wa avenyu na majirani wa nyumba kumi.

Sasa, tufanye nini? Huko Nairobi, Kaunti iliutangaza mtaa wa mabanda wa Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango mwezi Agosti 2017. Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakaaji wa mitaa ya mabanda, ulikuwa umekwisha kuhesabu nyumba na kuchora ramani pamoja na wakaaji. Maprofesa na wanasheria waliitwa kujibu maswali ya wakaaji, si kinyume chake, na mazungumzo yalianzia kwenye vikundi vya kaya kumi kumi. Haikuwa pepo. Novemba 2021 nyumba za maelfu ya watu wa Mukuru kwa Njenga zilibomolewa kwa ajili ya barabara. Lakini barabara na maji vilifika katika sehemu nyingine za Mukuru kufuatana na mpango ambao wakaaji waliutambua kuwa wao.

Goma inaweza kuanza hivyo hivyo, na kwa fedha ndogo kuliko gharama ya ateliye za kando ya ziwa. Fedha ya kwanza iende kwenye daftari la kila avenyu katika komini ya Goma na ya Karisimbi: nani anakaa wapi, tangu lini, kwa karatasi gani, maji ya mvua yanapita wapi, mazuku yako bonde gani, lava ya 1977, ya 2002 na ya 2021 ilipita wapi. Fedha ya pili iwalipe wapima ardhi na vijana wa vyuo vya hapa hapa. OVG ipate fedha yake kila mwaka bila kuomba. Baada ya hayo, likibaki swali ambalo hakuna mtu wa Goma anayeweza kulijibu, tumwite mgeni, tumpe swali hilo moja, na mkataba wake uandikwe kwa lugha ambayo mama wa Mugunga ataisoma.

Nchi hii ilihesabu watu wake mara ya mwisho mwaka 1984. Tangu hapo kila konsultani aliyekuja Goma amekisia.

Ninyi mashefu wa avenyu wa Bujovu, Kahembe, Katoyi, Mugunga na kwingineko: msiyatupe madaftari yenu ya zamani, hata yaliyolowa mvua. Yanakilini. Nakala moja ikae kwa jirani mnayemwamini. Na siku mtakapoitwa tena hotelini kutoa mchango, nendeni na nakala, si na daftari lenyewe, na mtu yeyote atakayeichukua aweke saini kwamba ameipokea.