Bustani ya Angani na Tangi la Kambini

Askari aliyepata kulala katika bweni lenye watu wengi anajua kwamba mmoja akiugua tumbo, wenzake hawakawii kumfuata. Katika Kituo cha Kimataifa cha Anga hatari hiyo ni kubwa zaidi, kwani watu wachache huvuta hewa ile ile na kunywa maji yale yale yanayosafishwa upya, na zahanati iko mbali.

Ndiyo maana letusi ya kwanza iliyovunwa mwaka 2014 katika mtambo wao wa Veggie haikuliwa. Iligandishwa, ikarudishwa duniani, ikapimwa vijidudu. Wanaanga waliruhusiwa kuonja mboga hiyo Agosti 2015, baada ya kuipangusa majani kwa vitambaa vya dawa.

Lakini kisa kinachotuhusu sisi ni cha maua. Mwishoni mwa mwaka huo maua ya zinia yalilowa kupita kiasi, yakaota ukungu. Kuvu aliyeonekana, fusari, si mgeni kwetu: ndugu yake ndiye anayenyausha migomba yetu ya kamaramasenge. Scott Kelly, kapteni wa Jeshi la Wanamaji la Marekani (cheo kilicho sawa na kanali wa nchi kavu), alikata sehemu zilizooza, akasafisha, na feni ikaongezwa kasi. Sasa mimea ikaanza kukauka. Ratiba kutoka duniani ilisema siku ya kumwagilia bado. Macho yake yalisema vingine. Akawaita wakuu, akaomba aachiwe yeye kuamua. Walikubali, wakamtumia mwongozo wa ukurasa mmoja tu. Mimea miwili ilikuwa imekwisha kufa. Iliyobaki ikachanua Januari 2016.

Wapo watakaosema kwamba huo ni mwanzo wa utovu wa nidhamu. Hatukubaliani nao hata kidogo. Kelly hakujichukulia sheria mkononi. Aliona, akaripoti, akaomba, akajibiwa. Na waliomjibu wanastahili sifa kama yeye, maana si rahisi kwa mwenye ratiba kuiweka kando.

Rwanda ilitia saini Mapatano ya Artemis Desemba 2022, na huenda siku moja kijana wetu akapalilia mboga huko juu. Kwa leo tutazame jikoni mwetu. Anayeona utelezi ndani ya tangi la maji ni kuruta wa zamu, naye mara nyingi ulimi wake ni mzito mbele ya sajenti. Tunawaomba makamanda waweke daftari kando ya kila tangi, na kuruta huyo apewe kalamu.