Malezi ughaibuni: mzazi anapofundishwa na mzazi mwenzake

Wahenga walinena kwamba mkono mmoja haulei mwana. Hata hivyo, familia nyingi za Afrika Mashariki zilizohamia Uingereza hujikuta zikilea kwa mkono huo mmoja. Bibi yuko Tanga au Bukavu, shangazi yuko Mombasa, na jirani wa mlango wa pili hajulikani hata jina.

Shule inapomwita mzazi kuhusu utundu wa mwanawe, hofu huwa mbili. Ya kwanza ni mtoto kufukuzwa masomoni. Ya pili, iliyo kubwa zaidi, ni maafisa wa ustawi wa jamii kubisha hodi, kwani Sheria ya Watoto ya mwaka 1989 inaziruhusu halmashauri za England na Wales kuiomba mahakama imwondoe nyumbani mtoto aliye hatarini.

Sheria za adhabu nazo zinatatanisha. Scotland ilipiga marufuku kumchapa mtoto nyumbani mwaka 2020, na Wales ikafuata mwaka 2022. England ingali inamruhusu mzazi kujitetea kwamba adhabu yake ilikuwa ya kadiri, ilimradi mtoto hakuumizwa. Mzazi aliyekulia mahali ambapo kiboko kilikuwa jambo la kawaida huambiwa asilopaswa kufanya. Ni nadra kuonyeshwa afanye nini badala yake.

Pengo hilo ndilo linalozibwa na mpango uitwao Empowering Parents, Empowering Communities, uliobuniwa Southwark, kusini mwa London, kwa ushirikiano wa taasisi ya afya ya akili ya South London and Maudsley na chuo cha King's College London. Anayefundisha si daktari wala mwalimu. Ni mzazi wa mtaa huohuo, aliyepewa mafunzo na anayesimamiwa na wataalamu. Wawili huongoza kikundi kwa muda wa wiki nane, saa mbili kila wiki, katika shule au vituo vya watoto. Wazazi hujifunza kumsikiliza mtoto, kumsifu anapotenda jema, kuweka mipaka na kuzuia hasira zao wenyewe.

Matokeo ya utafiti wa mpango huo yalichapishwa mwaka 2012 katika jarida la tiba la BMJ. Ulihusisha familia 116 zenye watoto wa umri wa miaka 2 hadi 11, na waliopata mafunzo walilinganishwa na waliokuwa wakisubiri zamu yao. Tabia za watoto na mbinu za malezi ziliboreka kwa kiwango kikubwa zaidi miongoni mwa waliofunzwa, na zaidi ya asilimia 90 yao walimaliza mafunzo. Katika huduma za namna hii, ambazo wengi huziacha njiani, hilo si jambo dogo.

Sababu si ngumu kuiona. Mbele ya afisa, mzazi hupima kila neno. Mbele ya mama mwenzake aliyekwisha kukesha na mtoto mkaidi, huthubutu kukiri kwamba ameshindwa.

Lakini imani hiyo ina mipaka yake. Mwezeshaji naye analazimika kutoa taarifa akibaini kwamba mtoto yumo hatarini, na wazazi wasipoelezwa hilo waziwazi tangu siku ya kwanza, watajiona wametegwa. Isitoshe, utafiti huohuo haukuona tofauti katika msongo wa mawazo wa wazazi. Mafunzo hayapunguzi kodi ya nyumba, wala hayamwondolei mama zamu ya usiku.

Kuna pia suala la fedha. Mpango wa serikali wa Sure Start, ulioanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1990 kusaidia familia zenye watoto wadogo, ulipunguziwa fedha baada ya mwaka 2010, na vituo vingi vikafungwa. Mwaka 2021 serikali ilitangaza fedha mpya kwa vituo vya familia katika halmashauri 75 za England, yakiwemo mafunzo ya malezi.

Hatari iliyopo ni watawala kumwona mzazi mwezeshaji kuwa njia rahisi ya kubana matumizi, badala ya kuwa daraja la kumfikisha mwenzake kwa wataalamu. Je, daraja hilo litafaa nini, iwapo ng'ambo ya pili hakuna anayemngojea?