Aliyevunjika Moyo Hasaidiwi kwa Makelele



Wengi wetu tuna watoto waliovuka bahari kwenda kutafuta maisha Dar es Salaam, na baadhi yao wanakaa pembeni mwa mji, kama vile Goba, iliyokuwa zamani Wilaya ya Kinondoni na sasa imo Ubungo. Huko vijana wengi wanafanya udalali wa simu. Kijana hana duka wala mzigo. Mwenye bidhaa humpa anwani yake maalum ya intaneti, naye huisambaza kwa watu. Kila anayenunua kwa njia hiyo, kijana hupata kamisheni. Wengine hufanya kazi hiyo kwa makundi, kila kundi na kiongozi wake. Kazi yenyewe si ya aibu wala si ngeni: Amazon ya Marekani ilianza kuwalipa watu hivyo mwaka 1996.

Lakini miezi mitatu bila ya kuuza kitu humvunja mtu moyo, na hapo ndipo tunapotaka kusema neno. Viongozi wengi humwambia kijana wa namna hiyo, tena mbele ya kundi zima, "Kaza moyo! Wenzako mbona wanapata?" Maneno hayo humwongezea haya tu.

Sisi wakulima wa karafuu twajua njia iliyo bora. Mchumaji mgeni, anayelipwa kwa pishi, akishuka jioni na pakacha tupu, mzee wa shamba hamfokei. Humwonyesha tawi la kuanzia, humshikia ngazi, na kesho yake huchuma naye mti mmoja.

Basi kiongozi wa kundi naye na afanye hivyo. Kwanza, amwite mtu wake faraghani, amsikilize mpaka amalize. Pili, wakae na hesabu. Tuseme watu 100 wamefungua anwani yake, 2 wakanunua, na kila mmoja akamletea shilingi 3,000. Amepata 6,000. Ikiwa bando la intaneti limekula 10,000, huyo si mvivu. Hesabu ndiyo haikukaa sawa. Pengine amewatangazia jamaa zake tu, nao hawaihitaji bidhaa ile. Pengine bidhaa yenyewe ni mbovu. Tatu, wafanye kazi pamoja juma zima, kwa bidhaa moja ambayo kijana mwenyewe aijua na aweza kuisema kwa ukweli.

Na ikiwa baada ya hayo yote hapana faida, aachwe aende zake kwa kheri. Hili ndilo gumu, kwani katika makundi mengine kiongozi naye hupata fungu katika jasho la walio chini yake. Huyo hawezi kumshauri mtu kwa haki mpaka aliweke fungu lake kando. Kumwambia aliyechoka akope fedha ili abaki si kumpa moyo, ni kumzamisha.

Tena iko dalili moja ya kuitazama sana. Fedha yatoka wapi? Ikiwa yatoka kwa mnunuzi wa bidhaa, hiyo ni biashara. Ikiwa yatoka katika viingilio vya watu wapya, huo ni upatu, na sheria ya Tanzania inaukataza. Hatujasahau khabari ya DECI mwaka 2009: watu "walipanda" fedha zao wakiahidiwa mavuno makubwa, malipo ya wa mwanzo yakitoka kwa waliofuata, mpaka Serikali ikaingilia kati na wakubwa wake wakafikishwa mahakamani. Katika kundi la namna hiyo aliyekata tamaa ndiye aliyeona sawasawa, na msaada anaoustahili ni kuonyeshwa mlango.

Wazazi nao wana sehemu yao. Mtoto akipiga simu kutoka Goba kusema kazi imemshinda, tusimpokee kwa lawama, maana anayeogopa lawama ya nyumbani ndiye anayekopa kwa siri. Na tumuulize hesabu yake kwa upole.