MPAKA LINI TUTAKODI UFUNGUO?

Ndugu wanachama, katika pwani yetu ya Moa hajapata kuonekana fundi wa mashua anayeomba ruhusa ng'ambo kabla ya kung'oa ubao uliooza. Huung'oa, akatia mwingine, akakalafati, chombo kikarudi majini. Lakini vijana wetu waliosomea kompyuta tumewafundisha kuunda vyombo katika kiwanda cha mtu mwingine, kwa masharti ya mtu mwingine. Wanajua kuandika programu za Windows. Windows yenyewe hawana ruhusa ya kuifungua waone ilivyoundwa.

Matunda ya utegemezi huo tumeyaona. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kutoa huduma ya kawaida kwa Windows 10. Kompyuta nyingi nzima, zenye nguvu ya kufanya kazi bado, zikaambiwa hazifai kwa Windows 11. Nani aliulizwa? Si Moa, si Tanga, wala si Dodoma. Nguo ya kuazima haisitiri maungo!

Twasema wakati umefika wa kuhamia programu huria. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, kila mtu ana ruhusa ya kuisoma, kuigeuza na kuigawa. Zana kama Python na Ansible humwezesha fundi kuandika amri mara moja, nazo zikatimizwa katika kompyuta mia: kuweka programu, kuhifadhi nakala, kurekebisha kasoro. Wilaya isiyoweza kuajiri mafundi wengi yafaidika kwa huyo mmoja.

Wasiopenda mageuzi watasema hizi ni ndoto. Waliolala ni wao! Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Taarifa za zahanati zetu hukusanywa kwa DHIS2, programu huria yenye asili ya Afrika Kusini, iliyokuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na wataalamu wetu wakashiriki. Hata Microsoft wenyewe waliifungua PowerShell mwaka 2016, ikaweza kuendeshwa juu ya Linux. Mwenye duka amekwisha kutembea. Mteja bado amesimama mlangoni!

Hatusemi kazi itakuwa nyepesi. Huria haina kodi, lakini ina bei, nayo ni kujifunza. Wala hatumwambii kijana atupe alichonacho: anayejua PowerShell na aanze nayo hiyo hiyo juu ya Linux. Vyuo vyetu navyo viache kumpima fundi kwa bidhaa za kampuni moja. Ofisi na shule zisitupe kompyuta zilizoachwa na Windows 10. Ziwekwe Linux, vijana wajifunzie humo.

Bendera tuliipandisha mwaka 1961. Azimio la Arusha la 1967 likatukumbusha kwamba asiyejitegemea hajawa huru. Basi na ufunguo wa mashine zetu uwe mkononi mwetu. Tuanze sasa!