Nibandikeni P

Somo langu la mwisho la udereva, mwalimu alikaa kushoto kwangu, mguu wake ukielea juu ya breki yake ya ziada, na juu ya paa la gari kulikuwa na bango lenye L nyekundu ambayo hata mtu wa ghorofa ya tano angeiona. Kila mtu barabarani alijua habari zangu. Nganya zilinikwepa kwa mbali. Mama mmoja pale kwa kivuko alikataa kabisa kuvuka hadi nikapita, na sikumlaumu. Wiki mbili baadaye nilikuwa na leseni, niko ndani ya Vitz ya shangazi, peke yangu. Hakuna mwalimu. Hakuna breki ya pili. Hakuna L.

Hebu fikiria hiyo kitu polepole. Nilipokuwa na mtu wa kuniokoa, Nairobi nzima ilionywa. Nilipobaki mimi na Mungu wangu, onyo likatolewa.

Sitaki kuzunguka: kila dereva mpya Kenya alazimishwe kubandika alama mbele na nyuma ya gari kwa mwaka mmoja tangu apate leseni. P, N, picha ya kifaranga, mimi sijali. Nilisema hivyo kwa status yangu juzi na nikachapwa kwa inbox kama burukenge. Wengine walinitukana tu, hao nawaachia Mungu. Lakini wengine walikuja na hoja, na hoja zinastahili kujibiwa. Kwanza acheni niwaambie mambo ya mayai.

Nilijifunza na gari ya klachi, kama wengi wetu. Vitz ya shangazi ni otomatiki. Watu hukuambia otomatiki ni rahisi, ni kama kuendesha kigari cha watoto kule kwa maonyesho, na ni kweli, ila hawakuambii kwamba mguu wa kushoto haujapata hiyo habari. Mguu wa kushoto umefundishwa mwezi mzima kwamba ukiona hatari, kanyaga. Sasa kwenye otomatiki, mahali mguu ule unatafuta klachi, kuna pedali pana ya breki imengojea.

Wiki yangu ya tatu, Jogoo Road, saa nne asubuhi. Nilikuwa natembea mwendo wa arobaini hivi, wala sikuwa na makosa yoyote. Jamaa mwenye gunia mgongoni akashuka kutoka ukingoni kama anataka kuvuka, kisha akarudi. Dereva mzoefu angeachilia mafuta kidogo tu na kuendelea na maisha yake. Mimi nilikanyaga kwa miguu miwili. Gari ilisimama kama imegonga ukuta.

Nyuma yangu kulikuwa na mtu wa boda amebeba trei za mayai.

Sitasahau ule mlio. Nilipotoka alikuwa amekaa kando ya barabara, ute wa mayai umemchirizika kwenye jaketi, ameushika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto kama mtu aliyebeba ndege. Kifundo kilikuwa kimevunjika. Umati ukafika, maana Nairobi umati huwa tayari mahali fulani ukisubiri. Mzee mmoja, bila hata kuuliza nini imefanyika, akasema, "Ni mwanamke." Nitarudi kwa huyo mzee.

Kisheria mnaweza kubishana hadi jioni. Aliyegonga kwa nyuma ndiye alipaswa kuacha nafasi, na watu wa bima watakwambia hivyo hivyo. Lakini yule jamaa hakubishana. Aliniangalia, akaona vile mikono yangu inatetemeka, akaelewa. Akasema, "Siz, si ungesema wewe ni mgeni? Ningekaa mbali."

Hakupanda pikipiki kwa wiki saba. Najua ni saba kwa sababu kila Jumamosi nilikuwa namtumia kitu kwa M-Pesa, pesa za makala, ambazo kama unajua malipo ya makala unajua hazikutosha hata nusu ya alichokuwa anapata kwa wiki. Ana watoto wawili. Pikipiki ilikuwa ya mkopo, na mkopo hauvunjiki kifundo.

Ningekaa mbali. Hoja yangu yote iko hapo, haya mengine ni maelezo. Kuendesha gari ni kazi ya kubashiri: huyu mbele yangu atafanya nini sekunde mbili zijazo? Na sisi Wakenya ni mabingwa wa kusoma gari. Ukiona ule mstari wa manjano unajua ni matatu, itasimama popote, hata katikati ya leni, abiria akipiga tu dirisha. Ukiona basi la manjano unajua kuna watoto. Ukiona GK unapisha, si kwa heshima, ni kwa kujua huyo hajali. Namba nyekundu, ni balozi, usiguse. Hata umri wa gari tunausoma. Ikiwa na ile KD ya juzi juzi unasema aah, huyu ametoka kuitoa bandari. Gari ikiwa mpya, nchi nzima inaona. Dereva akiwa mpya ndio siri ya serikali.

Sasa wale wa inbox.

Hoja iliyopigwa sana ni ya karao. Eti ukibandika P umejigeuza mashine ya pesa inayotembea, kila kizuizi utasimamishwa, utaulizwa kizimamoto, utaulizwa pembetatu ya kuakisi, utaulizwa mpaka shule ya msingi ulisomea wapi, hadi utoe kitu. Hii hoja siipuuzi. Ni hoja ya watu wanaoijua nchi yao. Lakini angalia vizuri inachosema: kwa sababu kuna askari mwizi, mtu wa boda asijue kwamba mimi sijui. Tunamficha mgonjwa ili tabibu tapeli asimlipishe, halafu tunamlaza chumba kimoja na wazima. Mwizi ni mmoja, na gharama tunaihamishia kwa mwenye mayai. Isitoshe, karao hahitaji herufi. Dereva wa wiki mbili anajulikana kutoka mita mia: amekumbatia usukani kama mtoto aliyepotea sokoni, kioo kiko chini kwa sababu anatoka jasho, na amesimama hata kabla hajasimamishwa. Tayari anakuona. Asiyekuona ni yule aliye nyuma yako.

Wengine wakasema mathree zitakula hao wageni mzima mzima. Zitawabana, zitawapigia honi, zitawafinya hadi kwenye mtaro. Kwani sasa hivi zinafanya nini? Lakini hapa kuna kitu cha maana, na wenzetu wamekifikiria. Japani wana alama yao ya dereva mpya tangu 1972, mshale wa rangi mbili, kijani na manjano, kama jani changa. Ni lazima uibandike mwaka wa kwanza. Kinachonifurahisha si lile jani. Ni kwamba sheria yao inawahusu wengine pia: gari ikiwa na hiyo alama, ni kosa kuibana ubavuni au kuichomekea mbele bila sababu ya kuepa hatari. Yaani alama haikusudiwi kumwambia mgeni "jichunge" peke yake. Inamwambia mzoefu, wewe uliyekaa kwa usukani miaka kumi, mzigo ni wako. Ireland nao wana N tangu 2014, miaka 2 mizima. Australia wana P, nyekundu kisha kijani, unapanda ngazi. Hakuna aliyekufa kwa aibu.

Kama tutaiga, tuige na hicho kipande cha pili. P bila sheria ya kumlinda mwenye P ni kumchora mtu shabaha mgongoni, na hapo nitaandamana pamoja nanyi.

Kuna aliyeniandikia ujumbe mrefu sana, kwa herufi kubwa, kwamba wanaoua watu Kenya si madereva wapya, ni wazoefu walevi na wenye haraka. Kaka, nakubali. Barabara zetu zinaua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka, na kundi kubwa zaidi ni wanaotembea kwa miguu, watu ambao hata hawakuwa na usukani wa kukosea nao. P haitamtoa mlevi barabarani. Lakini nimegundua huwa ni watu wale wale. Alcoblow ikija wanasema shida ni mashimo. Matuta yakija wanasema shida ni alcoblow. Daima kuna shida nyingine kubwa zaidi mahali pengine, na wao wako njiani kuelekea huko kwa kasi ya mia na thelathini.

Mafunzo nayo ni mabovu, sawa, hilo siwezi kulitetea. Mnajua ule ubao. Mji mdogo uliochorwa, magari ya kuchezea, unaonyeshwa raundabauti na unakariri "naingia leni hii, natoka leni ile" kama mashairi ya tamasha la shule. Niliupita vizuri. Naweza kuliendesha gari la plastiki popote duniani. Mtihani wa barabarani kwangu ulikuwa mfupi kuliko foleni yake. Lakini hiyo inaongeza nguvu kwa hoja yangu, haipunguzi. Kama nchi inajua inawatoa madereva wakiwa mabichi, iandike basi kwenye pakiti.

Tumebaki na ile hoja ambayo hakuna aliyeiandika, ila iko chini ya zote. Aibu.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Watu hudhani ilikuwa karo, na karo ilikuwemo, lakini ukweli ni kwamba nilikaa semista tatu kwenye darasa la hesabu nikitingisha kichwa. Mhadhiri anauliza "tuko pamoja?" na sote mia mbili tunaitikia "ndiyo", na nina hakika mia na hamsini walikuwa wamepotea kama mimi. Hakuna aliyeinua mkono. Kuinua mkono ni kujibandika. Kwa hiyo tukapotea pamoja, kimya, kwa nidhamu kubwa, hadi matokeo yalipotoka. Hii nchi inatulea hivyo. Fundi hawezi kusema hajawahi kufungua aina hii ya friji, ataifungua tu mbele yako. Makanga mgeni wa ruti anakwambia "tutafika" na hajui stegi. Fanya kama unajua, utajulia mbele. Kwa mambo mengi hiyo tabia inatupatia chakula, siikashifu yote. Lakini ukiwa na kilo elfu moja za chuma, huko mbele utakapojulia kuna mtu amesimama.

Na sasa yule mzee wa "ni mwanamke". Nimeulizwa mara ngapi, na marafiki zangu wa kike hasa, kwa nini nitake bango jingine wakati barabarani tayari tunadharauliwa. Jibu langu ni kwamba bango mimi ninalo. Nilibandikwa siku niliyokaa kwenye kiti cha dereva mara ya kwanza, na halina herufi wala tarehe ya kuisha. Shangazi yangu ameendesha gari miaka ishirini na miwili bila kugonga hata kuku, na bado akichelewa nusu sekunde taa zikiwa kijani anasikia honi, halafu dereva wa pembeni anachungulia kuthibitisha alichokuwa ameshaamua. Yeye ana L ya maisha. Kijana wa miaka ishirini, leseni bado ina joto, akifanya kosa lile lile anaitwa mtu wa haraka. P ingetuweka mimi na huyo kijana kwenye mstari mmoja, mwaka mmoja, kwa sababu moja tu, kwamba bado hatujui. Halafu ingetoka kwetu sote siku moja. Mimi nalichukua hilo bango mikono miwili.

Nimeshajibandikia, kusema kweli. Nilichapisha P kwa saiba ya mtaa, karatasi mbili, nikaweka kwa plastiki, moja nyuma moja mbele. Kijana wa saiba akauliza kama ni ya Pasta. Wiki iliyopita askari alinisimamisha, akaizunguka gari, akaangalia ile herufi, akaniuliza ni nini. Nikamweleza. Akacheka sana, akamwita mwenzake aje aone, wakaitazama leseni, wakaniachilia. Najua siku moja si ushahidi. Makanga mmoja pale Hamza alinipigia kelele, "P ni ya Polepole!" na gari yote ikacheka, lakini dereva wake alingoja nipite.

Yule jamaa wa mayai amerudi kazini. Nilimtumia picha ya kioo cha nyuma. Alinijibu kwa sauti, nyuma yake kuna upepo na injini, kwa hiyo alikuwa anarekodi huku anaendesha, jambo ambalo nitamgombeza. Aliuliza itakaa hapo mpaka lini. Nikamwambia mwezi wa nane.