Hasira ya Aliyenusurika Barabarani

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hufika Msamvu ikagawanyika, upande mmoja kwenda Dodoma na mwingine Iringa. Hapo, na katika mitaa yote ya mji wetu wa Morogoro, wapo waendao kwa miguu: mwanafunzi na madaftari yake, mama aliyeteremka kutoka milima ya Uluguru na mzigo wa ndizi kichwani. Siku gari linapomkosakosa mmoja wao, hakuna damu inayomwagika. Dereva huenda zake. Polisi hawana majeruhi wa kuandika. Aliyebaki kando ya barabara ana magoti yanayotetemeka, na punde hofu yake hugeuka hasira.

Twasema wazi kwamba hasira hiyo ina msingi. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka dereva ampishe avukaye kwenye kivuko chenye alama, na katika maeneo ya makazi mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa. Hata kwa mwendo huo gari hukata mita 14 hivi kila sekunde, kabla mguu haujagusa breki. Mwenye kuzidisha hapo anacheza na maisha ya wenzake.

Hata hivyo, tunaliogopa jiwe. Nchini mwetu imezoeleka kwamba gari likigonga mtu umati hukusanyika, na dereva hukimbilia kituo cha polisi kuokoa roho yake. Wengine hukimbia moja kwa moja na kumwacha majeruhi akivuja damu. Hilo nalo, tukubali, ni tunda la hasira zetu. Aliyenusurika akiokota jiwe, walio karibu huokota pia bila kuuliza kilichotokea.

Mwili uliotishwa hauambiliki mara moja, kwa kuwa umejiandaa kukimbia au kupigana. Basi mtu na atoke barabarani kwanza, aketi kivulini, anywe maji, amsimulie jirani. Naye jirani asikilize, asiseme, "Shukuru hukufa," kana kwamba shauri limekwisha. Usiku tukio litarudi kichwani. Heri arudie saa, mahali na namba za gari kuliko matusi ambayo hakuwahi kuyatoa.

Hayo ndiyo ya kupeleka kwa askari wa usalama barabarani na kwa serikali ya mtaa. Barabara kuu ziko chini ya TANROADS. Za mitaani ni za TARURA, iliyoanza mwaka 2017. Akienda mmoja, huenda akapewa pole na kurudishwa nyumbani. Wakienda wazazi kumi wenye tarehe kumi za mahali palepale, mwenyekiti wa mtaa amepata hoja ya kudai alama za kivuko au matuta. Viongozi wa jumuiya ndogo ndogo waweza kuanza na daftari moja, likae kwa katibu.