Mwembe, Kigingi na Sikio: Utetezi wa Ukulele Iliyoundwa kwa Mkono

Wahenga walinena kwamba rahisi ni ghali. Methali hii yafaa ikumbukwe kila mara mwalimu wa muziki katika shule ya Kitui au Makueni anapotumwa mjini kununua ala za wanafunzi. Aghalabu hurejea na ala zilizotengenezwa viwandani ng'ambo, zenye rangi ya kumeta na vigingi vya gia, kwa kuwa bei yake ni nafuu na hazimsumbui mtu siku ya kwanza. Ala iliyoundwa kwa mkono, yenye vigingi vinavyoshikwa na msuguano pekee, huonekana kuwa masalio ya ushamba. Makala haya yanapinga mtazamo huo. Yanashikilia kuwa ukulele ndogo ya soprano, iliyoundwa na fundi wa Ukambani kwa mti wa Ukambani, ina manufaa kwa mwanafunzi na kwa fundi kuliko ile ya kiwandani, na kwamba usumbufu wa vigingi vyake ni sehemu ya elimu yenyewe.

Yafaa kwanza ieleweke asili ya ala hii. Ukulele haikuzaliwa kiwandani. Mnamo Agosti 1879, meli iitwayo Ravenscrag iliwasili Honolulu ikiwa imebeba Wareno kutoka kisiwa cha Madeira, waliokwenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa ya Hawaii. Miongoni mwao walikuwamo mafundi seremala watatu: Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo. Walikuja na ujuzi wa kigitaa cha kwao kiitwacho machete. Walipokwisha mikataba ya mashambani, walirudia useremala wao, wakautwaa mti wa wenyeji uitwao koa, na kutokana nao wakaunda ala mpya ya nyuzi nne. Umbo lilitoka ugenini, mti ukatoka nyumbani, na baada ya muda Wahawaii wakaifanya ala hiyo kuwa yao. Hapana sababu ya kudhani kwamba jambo lililowezekana kwa seremala wa Madeira haliwezekani kwa mchongaji wa Kikamba.

Sasa tuje kwenye kigingi. Katika ala nyingi za kisasa, uzi hukazwa kwa gia: mkono huzungusha kitufe mara nyingi ndipo mhimili ugeuke mara moja. Kigingi cha msuguano hakina gia. Ni kijiti kilichochongwa kwa wembamba unaopungua kuelekea nchani, kikapenyezwa katika tundu lenye umbo lilo hilo. Au ni kigingi kilichonyooka kinachobanwa kwa skrubu ndogo. Mkono ukigeuka mara moja, mhimili nao hugeuka mara moja. Kwa hiyo kosa dogo la vidole huipandisha au kuishusha sauti mno, na kigingi kisichokaa sawasawa huteleza katikati ya wimbo.

Wapinzani wana hoja, na si haki kuipuuza. Mwalimu mwenye wanafunzi 40 na kipindi kimoja hawezi kumaliza nusu ya muda akilinganisha nyuzi. Mtoto ambaye ala yake haikai katika sauti hukata tamaa, akadhani kasoro ni yake. Haya ni kweli. Hata hivyo, hoja hii inasahau kwamba ala ya gia nayo hupotea sauti, hasa nyuzi za nailoni zikiwa mpya, maana hunyooka kwa siku kadhaa kabla ya kutulia. Tofauti ni kwamba mwenye gia huweza kuahirisha kujifunza kusikiliza, ilhali mwenye kigingi cha msuguano hana pa kukimbilia. Kila asubuhi hulazimika kuuliza sikio lake: je, sauti hii imefika?

Tena, kanuni za kuishi na kigingi hiki si nyingi. Kigingi kilichochongwa husukumwa ndani kidogo kila kinapogeuzwa. Sauti hufikiwa kwa kupanda kutoka chini. Ikipitilizwa, uzi hulegezwa kisha hupandishwa upya. Kigingi kinachoteleza hupakwa chaki kavu. Kinachokwama hupakwa sabuni ngumu kidogo. Kile cha skrubu hukazwa kwa robo ya mzunguko, wala si zaidi. Mtoto wa darasa la tano aweza kuyajua haya katika wiki moja.

Wala msuguano si mgeni katika Afrika Mashariki. Orutu ya Waluo na wandindi ya Waagikuyu, mazeze ya uzi mmoja, hukazwa kwa namna hiyo. Udi na fidla za taarab ya pwani zina vigingi vya msuguano, na chuo cha muziki cha nchi za majahazi kilichofunguliwa Zanzibar mwaka 2002 kimewafunza vijana wengi udi bila kungoja gia. Iwapo kijana wa Unguja huvumilia kigingi kwa sababu ni urithi wake, kijana wa Wote au Mwingi hashindwi.

Ipo pia hoja ya hali ya hewa. Kitui na Makueni ni nyanda kame zenye misimu miwili ya mvua, ule wa Machi hadi Mei na ule wa Oktoba hadi Desemba. Wakati wa kiangazi mti hunywea na vigingi hulegea. Mvua zinyeshapo mti huvimba na vigingi hukwama. Ala iliyoletwa kutoka nchi yenye unyevu mwingi huweza kupasuka hapa katika kiangazi chake cha kwanza. Ala iliyoundwa hapa, kwa mbao zilizokaushwa hapa, huwa imekwisha kulizoea jua la hapa.

Na mbao zipo. Makueni ni nchi ya maembe. Miembe inayozeeka au kubadilishwa kwa aina mpya hukatwa, na mara nyingi huishia kuwa kuni na makaa. Huko Hawaii, mti wa mwembe ni miongoni mwa miti inayothaminiwa kwa kuunda ukulele. Aidha upo mukau, mti wa nyika unaostahimili ukame, ambao Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya imeushughulikia kwa miaka mingi katika kituo chake cha Kitui. Kwa vigingi, kipande kidogo cha mpingo chatosha, na mabaki ya mchongaji hukidhi haja bila kukata mti mwingine. Ikumbukwe kuwa mpingo ulipungua mno kwa sababu ya uchongaji, hata katika miaka ya 1990 wachongaji wakahimizwa kutumia mwarobaini, mwembe na jakaranda.

Hata hivyo, utetezi huu usiwe kisingizio cha kununua kazi mbovu. Kuchonga twiga na kuunda ala ni kazi mbili. Kinyago huweza kuchongwa kwa mti mbichi, ukulele haiwezi. Mnunuzi na apime kwa rula: freti ya kumi na mbili sharti iwe katikati kabisa ya urefu wa uzi unaolia. Atazame shingo kama imenyooka, ageuze kila kigingi aone kama chazunguka bila kurukaruka, kisha aulize mbao zilikaushwa kwa muda gani. Fundi asiyeweza kujibu aachwe, na anayejibu alipwe bei inayostahili jasho lake bila kupunjwa.

Linalohitajika, basi, ni wateja. Fundi hawezi kujifunza kuunda ala ambazo hakuna anayeziagiza. Shule kumi zikiagiza ukulele tano kila moja, fundi atakuwa na kazi hamsini za kumfunza mkono. Serikali za kaunti, ambazo ndizo zinazosimamia vyuo vya ufundi vya vijijini, zaweza kuingiza uundaji wa ala katika mafunzo ya useremala. Chombo kikiharibika, mwenye kukitengeneza atakuwa mwendo wa matatu tu, wala hatakuwa ng'ambo ya bahari.

Mcheza kwao hutunzwa. Lakini ili mtu acheze kwao, sharti kwao kuwe na ala na kuwe na mwenye kuiunda. Mwembe uliokwisha kuzaa bado una sauti ndani yake. Anayeagiza makaa hataisikia kamwe.